UCHANGANUZI: Pikapu za umeme zilivyolemewa na trela na baridi Marekani

KAMPUNI ya magari ya Ford ilipotangaza mnamo Desemba 15, 2025 kwamba inakomesha uundaji wa pikapu yake inayotumia umeme pekee, F-150 Lightning, wengi walikimbilia kusema kuwa siasa za Washington ndizo zilizoiua.

Madai hayo hayakukosa msingi. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 ambayo serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiwapa wanunuzi wa magari ya umeme ilikuwa imekoma Septemba 30 mwaka huo, na mauzo yakadorora papo hapo. Lakini wanaoifahamu vyema biashara ya pikapu Marekani wanajua kuwa maradhi yalianza mapema, na dalili zake zilionekana kila mara mwenye gari alipofunga trela nyuma na kushika barabara kuu wakati wa theluji.

Ford ilisema uamuzi huo na mabadiliko mengine katika mipango yake ya magari ya umeme yangeigharimu jumla ya dola bilioni 19.5. Kiwanda kikubwa kilichokuwa kikijengwa katika jimbo la Tennessee kwa ajili ya pikapu za umeme za kizazi kijacho sasa kitaunda pikapu za petroli. Nao wafanyakazi wa kiwanda cha Rouge mjini Dearborn, jimbo la Michigan, ambako Lightning ilikuwa ikiundwa, walikwisha kuambiwa miezi miwili kabla kwamba wangehamishiwa kwenye kiwanda jirani cha pikapu za kawaida.

Ili kuelewa uzito wa pigo hilo, ni muhimu kukumbuka pikapu ni nini kwa Mmarekani. Magari ya jamii ya F ya Ford ndiyo yameongoza kwa mauzo miongoni mwa pikapu nchini humo tangu 1977. Mkulima hubebea nyasi za ng'ombe humo, fundi wa mabomba hupakia vifaa vyake, na mstaafu hukokota nyumba ya magurudumu kwenda kupiga kambi milimani. Mwaka 2024 zaidi ya magari 700,000 ya jamii hiyo yaliuzwa. Kati ya hayo, Lightning zilikuwa 33,510 tu.

Haikutarajiwa hivyo. Mnamo Mei 2021, Rais Joe Biden alizuru Dearborn, akaketi nyuma ya usukani wa Lightning na kuikimbiza mbele ya kamera siku moja kabla ya gari hilo kuzinduliwa rasmi. Bei ya kuanzia ilitajwa kuwa dola 39,974. Wanunuzi waliahidiwa masafa ya kilomita 370 kwa betri ndogo na hadi kilomita 515 kwa betri kubwa. Isitoshe, waliambiwa kuwa pikapu hiyo ingeweza kuvuta mzigo wa zaidi ya kilo 4,500.

Kila moja ya ahadi hizo, ikichukuliwa peke yake, ilikuwa kweli, isipokuwa bei, ambayo kufikia Machi 2023 ilikuwa imepaa hadi karibu dola 60,000 kabla ya kushushwa tena. Tatizo ni kwamba ahadi hizo ziliwekwa bega kwa bega kana kwamba mtu angezipata zote kwa wakati mmoja. Angeweza kwenda kilomita 515, na angeweza kuvuta kilo 4,500. Kufanya yote mawili katika safari moja hakukuwezekana hata kidogo.

Jarida la magari la MotorTrend liliijaribu Lightning yenye betri kubwa mwaka 2022 kwa kuifunga trela tatu za uzani tofauti. Ile nyepesi, ya takriban kilo 1,400, iliipunguzia masafa hadi kilomita 185 hivi. Nzito kuliko zote, ya karibu kilo 3,300, iliyashusha hadi kilomita 145. Gari hilohilo likiwa tupu lilikuwa limekadiriwa kwenda kilomita zipatazo 480.

Ni vyema kuzitazama tarakimu hizo kwa makini. Uzani uliongezeka zaidi ya maradufu, lakini masafa yalipungua kwa kilomita 40 tu. Hii ni kwa sababu kwenye barabara tambarare, adui mkubwa wa trela ni upepo kuliko uzani. Nyumba ya magurudumu ni sanduku lenye uso bapa linalosukuma hewa kama ukuta, na mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya hewa inayolizuia huongezeka mara nne. Ndiyo maana chama cha waendeshaji magari cha AAA kilipopakia mifuko ya mchanga ya takriban kilo 635 ndani ya Lightning mwaka 2023, masafa yalipungua kwa robo tu. Mzigo ulio ndani ya gari haupigwi na upepo.

Watetezi wa pikapu za umeme hukumbusha, tena kwa haki, kwamba hata pikapu ya petroli hunywa mafuta karibu maradufu inapokokota trela. Basi kwa nini lawama ziiangukie betri pekee?

Jibu limo ndani ya tangi. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 9, hivyo tangi la lita 98 la F-150 ya kawaida hubeba zaidi ya kilowati-saa 800. Betri kubwa ya Lightning hubeba 131. Ni kweli kuwa injini ya petroli ni badhirifu, hupoteza takriban theluthi mbili ya nishati hiyo kama joto lisilo na kazi, ilhali mota ya umeme hutumia karibu yote iliyopewa. Lakini akiba ya petroli ni kubwa kiasi kwamba hata baada ya hasara hiyo, pikapu tupu huweza kupita kilomita 800. Ikigawanywa kwa mbili, dereva bado ana kilomita 400, na baada ya hapo atajaza tangi kwa dakika tano.

Mwenye Lightning hana bahati hiyo. Kuchaji kutoka asilimia 15 hadi 80 kwenye kituo chenye nguvu huchukua takriban dakika 40, na mtu aliye safarini kwa kawaida hachaji kupita kiwango hicho kwa vile asilimia 20 za mwisho hujaa polepole mno. Kwa hivyo anayevuta trela nzito hupata takriban kilomita 100 kutoka kituo kimoja hadi kingine. Safari ambayo jirani yake wa petroli huimaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye humpitia alasiri nzima.

Fauka ya hayo, vituo vingi vya kuchajia vilijengwa kwa ajili ya magari madogo yanayoegeshwa kichwa kikitazama ukuta. Dereva mwenye trela hulazimika ama kuziba nafasi za wenzake, ama kuifungua trela, kuiacha kando, kuchaji, kisha kuifunga upya. Mkurugenzi Mkuu wa Ford mwenyewe, Jim Farley, aliionja adha ya vituo hivyo mnamo Agosti 2023, akiwa hana hata trela. Katika safari yake kwa Lightning jimboni California, alisubiri dakika 40 kwenye chaja dhaifu ili betri ifike asilimia 40, na akakiri hadharani kwamba tukio hilo lilimfungua macho.

Kisha kuna baridi. Ndani ya betri za lithiamu, umeme husafiri kupitia kimiminika ambacho huwa kizito joto linaposhuka, na kazi inayotendeka pale hulegea. Tena, kulazimisha chaji nyingi kwenye betri iliyoganda kunaweza kuiharibu, ndiposa kompyuta ya gari huizuia chaji hadi betri ipate joto. Hilo ndilo lililoonekana eneo la Chicago mnamo Januari 2024, wakati baridi ilipopita nyuzi 18 chini ya sifuri na foleni za magari ya umeme zikajipanga kwenye vituo, mengine yakizimika kabla ya zamu yao kufika.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara ya baridi haitoki kwenye betri yenyewe. Uchunguzi wa AAA wa mwaka 2019 uliohusu magari madogo ya umeme ulibainisha kuwa kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, masafa yalipungua kwa asilimia 12 kipashajoto kikiwa kimezimwa, na kwa asilimia 41 kikiwashwa. Kinaya ni kwamba ubadhirifu wa petroli hapa hugeuka baraka, kwani joto linalopotea kwenye injini ndilo humpasha dereva bila malipo. Gari la umeme lazima lilitoe joto hilo kwenye akiba yake. Ford iliitia Lightning ya mwaka 2024 pampu ya joto ili kupunguza gharama hiyo, hatua ambayo wanunuzi wa kwanza wangeifurahia zaidi kama ingekuja miaka miwili mapema.

Wapo wanaojumlisha asilimia za baridi na za trela na kuhitimisha kwamba pikapu haitatoka hata mtaani. Hesabu hiyo si sahihi. Kipashajoto hula kiasi kilekile kwa saa, trela iwepo isiwepo, hivyo sehemu yake hupungua gari linapotumia umeme mwingi kukokota. Lakini mtu aliyebakisha kilomita 145 hahitaji kupoteza nyingi ndipo akwame. Robo tu ikiondoka, kituo kinachofuata huwa kimeshakuwa mbali.

Wala baridi pekee haiwezi kubebeshwa lawama zote. Nchini Norway, ambako majira ya baridi si mzaha, magari ya umeme yalikuwa asilimia 95.9 ya magari mapya yaliyouzwa mwaka 2025. Raia wa Norway wana vituo vya kuchajia kote nchini, huchaji nyumbani usiku, na wengi wao huendesha magari ya kawaida ya familia. Baridi huwapunguzia masafa, nao hupanga safari zao vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba hata huko Marekani baridi iliwahi kuipamba Ford. Mnamo Februari 2021, dhoruba ya theluji ilipozima umeme jimboni Texas, pikapu zake za mseto wa petroli na umeme zenye jenereta zilitumiwa kuwashia nyumba taa na vipashajoto. Lightning iliundwa na uwezo huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kadhalika, wamiliki wengi wa pikapu Marekani huvuta trela mara chache mno kwa mwaka. Kwa mtu wa aina hiyo, Lightning ilikuwa gari zuri, lenye kasi, kimya na la gharama nafuu kuendesha. Kosa la watengenezaji halikuwa kuunda gari baya. Walilinadi kwa yule mwenye kazi ambayo betri huichukia kuliko zote, na kumwonyesha tarakimu ambazo hazikuwa zake. Kibandiko cha masafa kinachotolewa chini ya kanuni za EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, hakionyeshi gari litakwenda wapi likiwa na trela, na hakuna kampuni iliyoshurutishwa kulieleza hilo.

Mchezo huo wa tarakimu haujaisha. Mnamo Agosti 2025, General Motors ilijigamba kuwa Chevrolet Silverado ya umeme ilikuwa imekwenda kilomita 1,704 kwa chaji moja. Ilifanikiwa kwa kutambaa mwendo wa kati ya kilomita 32 na 40 kwa saa, wakati wa kiangazi, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mfuga farasi wa Montana hakupata lolote la kumfaa katika rekodi hiyo.

Suluhu ambayo Ford na mshindani wake Ram wamelichagua ni kubeba jenereta garini. Stellantis, inayomiliki Ram, ilifuta pikapu yake ya umeme pekee mnamo Septemba 2025 na kubakiza ile yenye betri ya kilowati-saa 92 na injini ya petroli ambayo kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Ford nayo imeahidi Lightning ya aina hiyo itakayopita kilomita 1,100. Uchina ilikwisha kuwatangulia kwa magari kama hayo. Kwa wanamazingira, kurudisha tangi la mafuta ni kurudi nyuma. Kwa kontrakta ambaye asipofikisha mashine kazini halipwi, ni kukiri jambo alilolijua tangu majira yake ya kwanza ya baridi.

Mjadala huu hautaishia ng'ambo. Mnamo 2025, Isuzu ilianza kuuza D-Max ya umeme Ulaya, ikitangulia Norway, ikiwa na uwezo uleule wa kuvuta kilo 3,500 kama ya dizeli lakini masafa ya takriban kilomita 263, gari likiwa tupu. Hayo ni majina yanayojulikana sana katika barabara za Kenya. Humu nchini hakuna theluji, na wanaokokota trela kwa pikapu ni wachache. Ila kuna pikapu zinazotoka Maua usiku zikiwa zimesheheni miraa, zikipanda na kushuka kwa kasi ya kutisha zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi, na ambazo haziwezi kusimama dakika 40 kwa kuwa majani hayasubiri.

Toyota, ilipozindua Hilux yake ya umeme nchini Thailand mwishoni mwa 2025, haikudai kuwa itaweza kazi hiyo. Ilitaja betri ya kilowati-saa 59.2, na uwezo wa kuvuta kilo 1,600 badala ya 3,500 za ile ya dizeli, kisha ikaendelea kuunda ya dizeli kando yake.