Mtihani wa uuguzi wa magonjwa ya akili: kuhifadhi maswali hakutoshi



Mwezi uliopita binti wa dada yangu, anayeishi Minneapolis, Marekani, alinipigia simu baada ya Isha. "Mjomba, niombee dua, mtihani umekaribia." Nikamuuliza amejiandaa vipi. Akaniambia amefanya maswali ya mazoezi zaidi ya elfu mbili, na mengine anajua jibu kabla hajamaliza kulisoma swali. Aliyasema haya kwa furaha, nami nikaingiwa na wasiwasi. Naandika kwa sababu najua si yeye peke yake. Vijana wetu wengi waliokwenda nje wameingia uuguzi, na baadhi yao sasa wanapanda ngazi hii.

Kwa asiyejua, huyu si muuguzi wa wodi wa kawaida. Ni muuguzi aliyekwisha sajiliwa, akarudi chuo akasoma shahada ya uzamili au zaidi, akahudumia wagonjwa chini ya msimamizi kwa mamia ya masaa, ndipo akaruhusiwa kufanya mtihani. Akipita na kupewa leseni, humpima mgonjwa wa akili, hutambua ugonjwa, na huandika dawa kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake. Mtihani unaojulikana zaidi ni wa taasisi ya ANCC. Alama ya kupita ni 350 katika 500, anayeanguka husubiri siku 60 kabla ya kurudia, na cheti chenyewe hudumu miaka 5 kisha hutakiwa kukihuisha.

Mimi nimefundisha madrasa zaidi ya miaka ishirini. Namjua mtoto anayesoma juzuu nzima bila kukosea, lakini ukimkata katikati na kumuuliza aya inayofuata, anasimama. Lazima arudi mwanzo wa sura apate kasi. Hifdhi ni jambo tukufu na sitaki mtu anielewe vibaya, ila mgonjwa hana mwanzo wa sura. Anakuja katikati.

Chukua dawa ya lithiamu, ambayo hakuna anayejiandaa na mtihani huu asiyekutana nayo. Wanafunzi wanahifadhi namba: kiwango katika damu kwa kawaida kiwe kati ya 0.6 na 1.2, kikipita 1.5 ni hatari. Vizuri. Lakini swali linaweza kukuletea mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita, leo anatapika, anayumba akitembea, na amekuwa akimeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo. Namba haimo. Ufanye nini kwanza? Aliyeelewa kwamba lithiamu hutolewa na figo, na kwamba ibuprofeni, kuharisha au upungufu wa maji huifanya irundikane mwilini, ataisimamisha dawa na kupima damu upesi. Aliyehifadhi atabaki anaitafuta namba.

Sasa mvalishe mgonjwa huyo kanzu. Ni Ramadhani, anakaa mchana kutwa bila maji, na hakumwambia daktari kwa kuwa hakuulizwa. Je, nani atamuuliza, tena mapema, kabla mwezi haujaandama, ili dawa na saumu vipangwe pamoja? Si huyu binti yetu?

Naandika haya nikiwa na deni. Ndugu yangu aliugua tukiwa vijana. Majuma mengine halali, anazungumza usiku kucha, anawagawia watu mali asiyokuwa nayo. Kisha miezi yuko kitandani, hata kuoga hataki. Tukasema ni jini. Tulimpeleka kwa wasomaji, na mimi mwenyewe nilimsomea. Sijuti kumsomea. Najuta kwamba kwa miaka saba hatukufanya jingine. Mwisho alikuwa muuguzi mmoja wa hospitali, tena si Muislamu, aliyekaa naye akamuuliza yeye mwenyewe anaonaje kilichompata. Akaisikiliza habari ya jini mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akauliza habari za usingizi, halafu akamuuliza kama amewahi kutaka kujiua. Hilo sisi hatukuwahi kumuuliza. Akajibu ndiyo.

Katika DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kilichotoka 2013, kuna mahojiano ya maswali 16 yanayomtaka mgonjwa aeleze tatizo lake kwa maneno yake, na watu wake wanalionaje. Mpwa wangu alikuwa ameyaruka. Anasema hayaji sana. Hapo nilimkatiza. Nikamwambia: mwanangu, wewe umelelewa katika nyumba ambamo majini yanatajwa, unajua tofauti ya mtu anayeamini kuwa yapo, kama sisi sote, na mtu anayesikia sauti ikimwamrisha asile. Wenzako watalisoma hilo kwa shida. Wewe unaliruka?

Na sisi wa huku tuna sehemu yetu. Mama yake humpigia simu usiku wa manane wa kule kwa ajili ya mchango wa harusi. Shangazi mmoja humuuliza kwa nini amechagua kazi ya wendawazimu, kana kwamba ukoo wetu hauna mgonjwa. Enyi wazazi, mwacheni mtoto asome. Harusi zitakuwapo.

Alhamdulillahi, amebadili utaratibu. Sasa kwa kila swali anaandika kwa nini jibu ni lile, na kwa nini yale mengine matatu si sawa, kisha jioni ananifundisha mimi kwa simu. Nimejifunza kwa nini lamotrijini hupandishwa kidogo kidogo, na upele gani wa ngozi unaoogopwa. Juzi tulipofika kwenye lithiamu, ndugu yangu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Mpwa wangu akasema kwamba mikono ikitetemeka ni dalili ya sumu. Ndugu yangu akaomba simu. "Mikono hutetemeka kidogo hata dawa ikiwa sawa," akamwambia. "Ukiona chai inamwagika kikombeni, na mtu anaongea kama mlevi, hapo ndipo ukimbie."

Kule kukawa kimya. Kisha nikasikia kalamu inaandika.