Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC: Warekodini Wanahistoria Wetu Wangali Hai

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Songea. Nakuandikia kuomba jambo moja: shirika lako la utangazaji liwarekodi wanahistoria wetu wakizungumza kwa Kiswahili, na kuyarusha mazungumzo hayo redioni.

Mwaka jana tulimwalika mhadhiri mmoja mstaafu azungumze na kidato cha tatu kuhusu Vita vya Majimaji. Mada hiyo nilikwisha kuifundisha. Sababu na matokeo vilikuwa vimeandikwa daftarini kwa Kiingereza, na wengi walikuwa wamevikariri. Mzee yule hakuanza na sababu. Alianza na asubuhi moja ya Julai 1905, kijijini Nandete katika vilima vya Umatumbi, wanaume walipoingia kwenye shamba la pamba la kulazimishwa wakang'oa mashina machache. Akainua vidole vitatu kuonyesha uchache wake, kisha akanyamaza.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Kwa nini hawakung'oa shamba zima?" Mzee akamjibu kwamba hawakwenda kuharibu pamba, walikwenda kutangaza vita. Shamba lile lilikuwa amri ya serikali ya Wajerumani, na kung'oa shina lake ni kuing'oa amri yenyewe mbele ya macho ya akida, wakala wa serikali hiyo. Tangu hapo hakuna aliyesinzia.

Nilimrekodi kwa simu yangu. Nilipata dakika 12 tu kabla ya chaji kuisha. Ndani ya rekodi hiyo kuna upepo, kuna bodaboda inayopita barabarani, kuna mzee anayekohoa. Hata hivyo nimeipiga kwenye spika ndogo kwa mikondo mingine yote, na kila mara wanafunzi huniomba niirudie.

Ndugu Mkurugenzi, kilichowavuta vijana wale hakikuwa hadithi peke yake. Mwanahistoria anapozungumza, msikilizaji anasikia pia jinsi tulivyoyajua tunayoyajua. Chukua idadi ya waliokufa. Wajerumani walitaja watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kitabu cha shule hutaja namba moja kikapita. Mzee yule alituliza sauti akaeleza kwamba wengi hawakuuawa kwa risasi. Jeshi lilichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza kazi, na aliyekufa kwa njaa porini hakuna karani aliyemwandika. Kijana akilielewa hilo, ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

Nchi yetu iliwahi kuifanya kazi hii vizuri. Mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, chini ya wanahistoria John Iliffe na Gwassa, walirudi katika maeneo ya vita wakakaa na wazee walioiona kwa macho yao. Waliandika simulizi zao kijiji kwa kijiji. Wangechelewa miaka kumi, wengi wa mashahidi wale wangekuwa wamekwenda na yote waliyoyajua. Karibu kila kinachojulikana leo kuhusu mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji, kwa kauli ya Waafrika wenyewe, kinasimama juu ya kazi ile.

Sasa hesabu miaka. Kijana aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1968 leo anakaribia 80. Waliokwenda kuwauliza wazee, leo wao ndio wazee. Profesa Isaria Kimambo, mmoja wa waliojenga Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alituacha mwaka 2018. Vitabu vyake vipo, lakini vingi viko kwa Kiingereza na shule ya kata haizimudu bei zake. Sauti yake ikieleza historia ya Wapare kwa Kiswahili, mwanafunzi wa Same, Upareni, angeisikiliza wapi leo?

Ninyi mnajua nguvu ya sauti iliyohifadhiwa. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999, lakini kupitia kipindi cha Wosia wa Baba, watoto waliozaliwa baada ya hapo wanaitambua sauti yake kabla hata hawajaiona picha yake. Hayo yametokea kwa sababu mafundi mitambo wa Redio Tanzania, mtangulizi wa TBC, walirekodi, na wengine wakaitunza mikanda.

Ninachoomba hakihitaji mitambo mipya. Kila juma, mazungumzo ya dakika 30 ya mwanahistoria mmoja, juu ya tukio moja. Yarekodiwe pale tukio lilipotokea inapowezekana: Nandete, Kilwa Kisiwani, Kalenga ambako fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudishwa mwaka 1954, na hapa kwetu Songea, ambako mashujaa wa Kingoni walinyongwa Februari 27, 1906. Wanahistoria wanaopingana wakaribishwe pamoja. Kama Majimaji ilikuwa vita ya taifa moja au mapigano mengi yenye sababu tofauti, wananchi wanastahili kuusikia mjadala huo. Baada ya kurushwa, rekodi zipatikane bure ili mwalimu azipakue kwenye simu. Mtaala mpya umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Somo hilo lina njaa ya vitu kama hivi.

Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani. Baadhi ya wanafunzi wangu waliniuliza anaomba radhi ya nini hasa. Taifa linaloombwa radhi linapaswa kujua lilitendewa nini, na kulijua kwa vinywa vya wasomi wake wenyewe.

Ndugu Mkurugenzi, tuma kinasa sauti mwaka huu. Wazee wetu wako tayari kusema, na sisi walimu tuko tayari kuwasikilizisha watoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Songea