RAHISI KWA NANI?



Siku hizi twasikia maneno mengi juu ya visanduku vya redio vya kupimia umbali kati ya gari na nguzo za barabarani. Wenye magari wavisifu kwa neno moja: rahisi. Sisi twauliza, rahisi kwa nani?

Hatuchukii mitambo. Wenzetu watiao lami na washikao bendera njiani hugongwa na malori, na kisanduku kiwezacho kumwonya dereva kwamba mbele kuna watu ni kitu cha kushukuru. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Onyo la sekunde tano ni zaidi ya mita 100, na hapo mtu hupona.

Lakini mapimo ni ya namna mbili, na anayeuza hana haraka ya kukueleza. Ya kwanza husikiliza nguvu ya redio tu: ikiwa hafifu, basi nguzo iko mbali. Hiyo ndiyo ya bei ya chini kabisa, nayo ni kama kupima safari kwa kusikiliza mbwa akibweka. Lori jingine likikaa katikati, au hata mwili wa mtu, nguvu hupungua na mtambo husema bado mbali, kumbe umekwisha fika! Ya pili hupima muda. Kisanduku cha gari huita, cha nguzo hujibu, na muda wa kwenda na kurudi huhesabiwa. Redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani sentimita 30 katika sehemu moja ya milioni elfu ya sekunde. Mahali peupe hukosea kama sentimita 10 hivi. Hata hiyo hudanganyika mawimbi yakigonga bati la tangi na kuzunguka, lakini ni afadhali mara nyingi. Wala wasituambie ni ghali mno: tangu 2019 vipande vyake vimo ndani ya baadhi ya simu za mfukoni.

Sasa bwana anunue ile ya kwanza, kisha amkate dereva mshahara ati alipita karibu na nguzo? Hatukubali! Twavikumbuka vidhibiti mwendo vya 2004. Sheria ilikuwa njema, lakini kilipoharibika kidude mara ngapi alishikwa dereva, na mwenye gari yuko nyumbani anakunywa chai?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mtu aambiwe habari zake zachukuliwa kwa kazi gani. Dereva naye ni mtu. Kwa hiyo twataka vianze penye watu wanaochimba barabara na penye mteremko wa Salgaa, si getini kwa tajiri. Na hesabu zake zisiguse mshahara.

Tawi litakaloona kisanduku kimefungwa garini bila wafanya kazi kuulizwa, lilete habari ofisini upesi, kabla ya siku ya mshahara.