Chakula kikikwama, usikisukume kwa chai

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, ugali ukikwama kooni dawa yake ni kikombe cha chai moto. Mtu humeza, hukohoa kidogo, kisha akaendelea kula. Baadaye huacha nyama. Halafu huacha ugali, akabaki na uji. Anapofika hospitalini hata maji hayapiti, na mwili umekwisha.

Hiyo ndiyo njia ya saratani ya umio, yaani mfereji unaopeleka chakula tumboni. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe huweza kukua kwa muda kabla mtu hajahisi kizuizi. Ndiyo sababu dalili ya kwanza si ya kungojewa.

Wengine husema, "Huyu bado kijana, ni vidonda vya tumbo tu." Kwingi duniani wangekuwa sawa. Hapa sivyo. Ripoti ya madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyochapishwa mwaka 2010, ilieleza wagonjwa 109 wa saratani hii waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini, walioonekana kati ya 1996 na 2009. Kwa maoni yangu, kila zahanati ya eneo hili iwe na kanuni moja: yeyote ambaye chakula kinamkwama kwa wiki mbili, awe mzee au kijana, apelekwe akapimwe umio kwa mrija wenye kamera. Asirudishwe nyumbani na tembe za vidonda.

Chanzo si kimoja. Tumbaku na pombe zinajulikana kwa ubaya wake. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto huenda vinaleta saratani ya umio. Mkulima asihofu: lawama ni ya moto, si ya majani ya chai. Mimina, zungumza na wageni, kisha unywe.

Waliochelewa nao wasiachwe. Kuna mrija wa waya unaopanuka, ambao ukiwekwa ndani ya umio humwezesha mgonjwa kumeza tena, ingawa hauponyi. Lakini anayekuja mapema huweza kufanyiwa upasuaji akaishi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje kilio.