Mrusho wa Mikono Miwili na Mgongo wa Mtoto Anayekua

Miongoni mwa sheria 17 za mpira wa miguu, ni moja tu, ile ya 15, inayomtaka mchezaji asiye golikipa autie mpira mchezoni kwa mikono. Masharti yake ni machache: mrushaji aelekee uwanjani, sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari wa pembeni au nje yake, na mpira aurushe kwa mikono yote miwili kutoka nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake. Kwa kuwa masharti ni machache, mafunzo yake nayo huwa mafupi. Mwalimu huonyesha mara moja, mtoto huiga, na likikosewa jambo mwamuzi hupuliza filimbi. Mgongo hautajwi katika sheria hiyo, na aghalabu hautajwi katika mafunzo. Hata hivyo mgongo ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi.

Jambo hili linastahili kuzungumzwa katika kata kama Shanwe, ndani ya Manispaa ya Mpanda, ambako kiwanja cha mpira ni mahali pa kwanza mtoto anapojifunza kuutumia mwili wake kwa ushindani. Kila mwaka, michuano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari inapokaribia, timu za shule huundwa na kunolewa katika muda mfupi. Mtoto mmoja mwenye mabega mapana hupewa kazi ya kurusha mipira yote mirefu kuelekea lango la wapinzani, na huambiwa arudie mpaka mpira ufike. Makala haya yanashikilia kwamba mrusho wa mikono miwili ni ufundi wa mwili mzima unaopaswa kufundishwa kuanzia miguuni, kuhesabiwa kama dawa inavyopimwa, na kuulizwa habari zake zahanatini mtoto anapolalamika kuumwa mgongo.

Anayerusha jiwe kwa mkono mmoja hugeuza kiwiliwili: nyonga hutangulia, kifua hufuata, kisha bega, kiwiko na kiganja. Mzunguko huo huzalisha nguvu nyingi, na mkono hupokea tu kilichotengenezwa chini yake. Mikono miwili inapoushika mpira nyuma ya kichwa, nafasi ya kuzunguka hupungua sana. Mwili hutafuta nguvu kwingine, nao huipata kwa kujipinda kinyumenyume mithili ya upinde, kisha kujifyatua mbele. Kama miguu imejipanga vizuri, magoti yamelegea na nyonga zinanyumbuka, upinde huo hugawanywa tangu kwenye vifundo hadi mabegani. Miguu ikiwa imekakamaa na nyonga zikiwa ngumu, upinde wote huangukia mahali pamoja: sehemu ya chini ya kiuno.

Hapo ndipo penye hatari kwa mtoto anayekua. Nyuma ya kila pingili ya uti wa mgongo kuna daraja jembamba la mfupa linaloshikilia viungo vya juu na vya chini. Mgongo unapopindwa nyuma kwa nguvu mara nyingi, daraja hilo hubanwa, hasa katika pingili ya tano ya kiuno. Kabla mwili haujakomaa, mfupa huo huchoka haraka kuliko unavyojikarabati, na hatimaye ufa huanza. Majeraha ya namna hii yanafahamika sana miongoni mwa vijana wanaorusha mpira wa kriketi kwa kasi, warusha mkuki na wacheza sarakasi. Haba na haba hujaza kibaba, na katika mfupa kibaba hicho hujaa kimya kimya. Hakuna siku moja ya ajali ambayo mtoto anaweza kuitaja. Kuna maumivu tu yanayoongezeka wiki baada ya wiki.

Ufa ukigunduliwa mapema, mapumziko ya kutosha, aghalabu miezi 3 au zaidi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo na kiuno, humrudisha mtoto wa kawaida uwanjani. Ukipuuzwa, unaweza kukata pande zote mbili, na pingili ikaanza kuteleza mbele ya ile iliyo chini yake. Kwa kijana atakayeishi kwa jembe, kwa kubeba magunia au kwa kuendesha bodaboda, hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa fainali.

Mwalimu wa michezo huona saa mbili tu za siku ya mtoto. Haoni ndoo ya lita 20 iliyobebwa alfajiri, ambayo ikijaa maji huwa na uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Haoni matuta yaliyolimwa Jumamosi wala kuni zilizobebwa jioni. Mifupa haitofautishi kazi ya nyumbani na ya uwanjani; yote huandikwa katika daftari moja. Mazoezi yakizidishwa ghafla katika wiki zile zile ambazo kazi za shamba nazo ni nyingi, mwili hupokea mzigo ambao hakuna mtu mzima aliyeujumlisha.

Kuhusu namna ya kufundisha, kuna somo muhimu katika mchezo ulio mbali na viwanja vya Katavi: bolingi, yaani mchezo wa kuviringisha tufe zito kwenye njia laini ya mbao ili kuangusha pini 10 zilizosimama umbali wa zaidi ya mita 18. Tufe hilo huweza kufikia uzito wa kilo 7 na robo. Kwa miongo mingi makocha walifundisha njia moja: vidole viwili na gumba ndani ya matundu, mkono mmoja. Jason Belmonte wa Australia, aliyezaliwa mwaka 1983, alianza kucheza akiwa mtoto mdogo sana katika ukumbi wa wazazi wake. Hakuweza kuliinua tufe kwa mkono mmoja, basi akatumia miwili. Alipokua, wengi walimshauri aache mtindo huo wa kitoto. Hakuacha. Kufikia mwaka 2023 alikuwa ametwaa mataji makubwa 15 katika mashindano ya kulipwa ya Marekani, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuifikia. Leo watoto wengi huanza moja kwa moja na mikono miwili, na makocha wamelazimika kujifunza upya: mrushaji wa namna hiyo huinama zaidi na kuzungusha kiwiliwili zaidi, kwa hiyo kiuno chake kinahitaji maandalizi ya pekee.

Historia hiyo ina pande mbili, na zote zinaihusu Shanwe. Upande wa kwanza ni kwamba mwili wa mtoto mara nyingi huchagua njia inayoufaa kabla mwalimu hajafika. Sheria ya mpira wa miguu inalazimisha mikono miwili, lakini inaacha mengine huru: miguu sambamba au mmoja mbele, kusimama au kukimbia hatua chache, kuinua kisigino au kukikita. Mwalimu anayewalazimisha wote wasimame kama yeye huwanyima watoto uhuru ambao sheria yenyewe imewapa. Upande wa pili ni kwamba mtindo unaompa mchezaji nguvu humdai pia. Anayefundisha mikono miwili bila kuandaa kiuno amefundisha nusu ya somo.

Yapo pia mafunzo kutoka ndani ya soka lenyewe. Mwaka 2008 Rory Delap wa Stoke City aliwatia hofu mabeki wa Uingereza kwa mirusho iliyofika langoni kama kona. Vijana wengi duniani waliiga. Kilichosahaulika ni kwamba Delap alikuwa mtu mzima mwenye umri wa miaka 32, na shuleni alikuwa mrusha mkuki. Mwili wake ulikuwa umefunzwa kwa miaka kabla ya kuombwa kazi hiyo. Mwaka 2018 Liverpool, chini ya Jürgen Klopp, ilimwajiri Thomas Grønnemark wa Denmark kama kocha wa mirusho peke yake. Mafundisho yake yaligawa mirusho katika aina tatu: mrefu, wa haraka na wa akili. Aina mbili kati ya hizo hazihitaji nguvu nyingi. Zinahitaji jicho linaloona nafasi, mchezaji mwenza anayejua lini akimbie, na utulivu wa kuutuliza mpira. Kwa timu ya watoto, hapo ndipo penye faida kubwa, tena bila gharama kwa mgongo.

Mpangilio wa mafunzo unaweza kuwa rahisi. Wiki ya kwanza mtoto ajifunze bila mpira: kuchuchumaa na kuinuka, kunyoosha misuli ya mbele ya nyonga, kukaza tumbo huku akiinua mikono juu ya kichwa. Kisha arushe mipira mifupi kwa mwenzake aliye umbali wa mita 5 hadi 8, mguu mmoja ukiwa mbele, magoti yakiwa yamelegea. Baada ya hapo aongezewe hatua moja, halafu mbili. Mrusho mrefu wa kukimbia uje mwisho, kwa waliobalehe na wasio na maumivu. Watoto wadogo watumie mpira namba 4, wenye uzito wa gramu 350 hadi 390, badala ya namba 5 unaofikia gramu 450. Mirusho ya nguvu isizidi 20 kwa siku, wala isifanywe siku mbili mfululizo, na kazi hiyo igawanywe kwa wachezaji watatu au wanne. Kuhesabu si anasa: katika besiboli ya watoto nchini Marekani, wenye umri wa miaka 11 na 12 hawaruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku katika mechi, na ni mwiko kwa kocha kukiuka kikomo hicho hata akiwa anashinda.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu wake. Mtoto mwenye miaka 10 hadi 18 anapofika zahanati akilalamika kiuno, swali la mchezo liulizwe mapema: anacheza nini, nafasi gani, mara ngapi kwa wiki, na maumivu huongezeka anapojipinda nyuma? Ikiwa jibu la mwisho ni ndiyo, na maumivu yamepita wiki mbili au tatu, asirudishwe uwanjani na vidonge tu. Asimamishe kurusha na apewe rufaa ya kuchunguzwa. Ikumbukwe pia kwamba picha ya kawaida ya eksirei huweza kuonekana safi ilhali ufa umeanza; picha safi haimfanyi mtoto kuwa mwongo.

Aidha, mchezo usigeuzwe kuwa jibu la kila mgongo unaouma. Homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, kibyongo kinachoanza kujitokeza, miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili zinazotaka uchunguzi wa haraka. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo. Ugonjwa wa selimundu huleta maumivu makali ya mifupa. Katika jamii zinazofuga ng'ombe na kunywa maziwa yasiyochemshwa, ugonjwa wa brusela haupaswi kusahaulika.

Wapo watakaosema kwamba watoto wamerusha mipira na kubeba ndoo tangu enzi za mababu, wala hawakudhurika. Hoja hiyo ina kasoro moja: walioumia hawakubaki uwanjani ili wahesabiwe. Waliacha mchezo, wakaitwa wavivu, wakaendelea kulima wakishika viuno. Wengine hutumia methali ya samaki mkunje angali mbichi ili kuhalalisha mazoezi makali. Methali ni njema, lakini mkunjo wenye hekima huja polepole, na mkunjaji husikiliza samaki anapoanza kukatika. Wapo pia watakaosema kwamba shule hazina vifaa wala wataalamu. Ni kweli, lakini kulegeza magoti hakuhitaji bajeti. Kuhesabu hadi 20 hakuhitaji mtaalamu. Kumuuliza mtoto kama mgongo unamuuma kunahitaji mtu mzima mwenye nia ya kusikia jibu.

Mzazi ana haki ya kumuuliza mwalimu mtoto wake anarusha mipira mingapi, na mwalimu ana haki ya kumuuliza mzazi mtoto anabeba ndoo ngapi. Mtoto naye aambiwe waziwazi, mbele ya wenzake, kwamba kusema "mgongo unaniuma" hakutamfanya apoteze nafasi yake katika timu. Bila ahadi hiyo atanyamaza, kwa sababu kwa mtoto wa miaka 14 jezi ni kubwa kuliko mgongo. Kazi ya watu wazima wa Shanwe, mwalimu, mzazi na mganga kwa pamoja, ni kuona mbali kuliko yeye.