Uvira: Chumba cha maombi si hospitali

Jirani yangu wa Kavimvira amezika mtoto. Alihara siku mbili akiwa amelazwa kwenye mkeka ndani ya chumba cha maombi, mama akifunga, na mtumishi akidai sadaka ya kuvunja laana ya ukoo. Walipompandisha kwenye pikipiki kumpeleka kituo cha kipindupindu, alikuwa amekwisha kukauka maji.

Kipindupindu sisi wa Uvira tunakijua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mji wetu ulionyesha kwamba bomba likikosa maji siku moja, wagonjwa huongezeka ndani ya siku 12 zinazofuata. Watu wanachukua ndoo na kushuka ziwani au mtoni. Laana ya bibi inaingia wapi hapo?

Msiniambie kwamba napinga maombi. Hospitali ya Lemera, kule milimani, ilijengwa na Wapentekoste wa Sweden, watu wa maombi hasa. Denis Mukwege, mtoto wa pasta, alitibu pale hadi tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa walipouawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi huko Bukavu, chini ya kanisa lilelile, CEPAC. Pale watu wanaomba, kisha serumu inawekwa.

Kanisa haliharibiki siku moja. Linaanza kuharibika pale chakula cha mtumishi kinapotegemea ugonjwa wa muumini. Mgonjwa akipona upesi, anarudi kwake na sadaka inakwisha. Laana ikiendelea, sadaka nayo inaendelea. Mtumishi wa namna hiyo pengine hata si mwongo, amejizoeza tu kuona pepo mahali panapomlipa.

Na makanisa makubwa yananyamaza, eti hayo ni mambo ya "vikundi". Sisi waandishi pia tusijitakase: ni redio ngapi hapa mjini zinauza saa za matangazo kwa watumishi hao bila kuwauliza swali hata moja? Sheria namba 004/2001 inayosimamia makanisa ipo, lakini mkaguzi sijamwona mtaani kwetu.

Mama yule bado anakwenda. Ijumaa iliyopita alipeleka franka 5.000, ili watoto wawili waliobaki wasifuatwe na laana.