Jicho la kamera kwa dereva wa Kitonga: onyo au hukumu?

Mbatata na mchele wa Mbeya tunaopika visiwani huja kwa lori, hupita Iringa, hushuka mlima Kitonga hadi Dar es Salaam, na huko hupakiwa chomboni. Wapo vijana wetu wanaoshika usukani huo, usiku na mchana. Sasa wanakaribia kupata msimamizi asiyelala.

Tangu Julai 2024, Umoja wa Ulaya hautoi kibali kwa aina mpya ya gari, lori wala basi lisilo na chombo cha kufuatilia macho ya dereva. Malori mengi ya njia hii yametengenezwa Ulaya, na mengine yametumika huko kwanza. Kufika kwetu ni suala la muda.

Si uchawi. Kamera ndogo karibu na usukani hurusha mwanga usioonekana, ikayaona macho hata usiku wa manane. Programu hupima kope zimefumba muda gani na macho yameelekea wapi, hulinganisha na picha za watu wengi ilizofundishwa, kisha hukisia: anasinzia, anatazama simu.

Hukisia tu. Anayetupia jicho kioo cha pembeni kila mara kwenye kona za Kitonga anafanya ipasavyo, lakini mashine inaweza kumwandika mzembe. Na ikifundishwa kwa nyuso za wengine, hukosea zaidi kwetu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa uso: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakufika asilimia 1. (Tena ajali za miteremko mirefu mara nyingi ni breki, na kamera haigusi breki.)

Kengele ikimwamsha dereva akaegesha alale, huko ni kuhifadhi nafsi. Sioni wa kulipinga. Shida ni rekodi ikienda kwa tajiri, naye akakata mshahara kwa dhana ya mashine. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana na kupelelezana kwa pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki dhidi ya uamuzi uliotolewa na mashine peke yake.

Kijana wenu akiletewa mkataba, muulizeni kabla hajatia saini: kamera imo? Picha zinakaa wapi, nani anazitazama, na akituhumiwa atasikilizwa na nani?